Funda Moja la Mbege

Sogezeni vigoda, na mwenye haraka aondoke sasa hivi, maana hadithi hii haina mwisho mpaka ninyi wenyewe muupe. Si ya kubembelezea watoto. Watoto wabaki, lakini wasisinzie, nao nitawauliza. Niliposimulia mara ya kwanza, mtu na mkewe walirudi nyumbani kila mmoja kwa njia yake, na mpaka leo nalaumiwa mimi. Kosa langu silijui. Mimi nasimulia tu. Ubishi mnao ninyi tumboni.

Basi kulikuwa na wanawake watatu waliokaa katika kihamba kimoja, shamba la ukoo mteremkoni mwa Kilimanjaro, migomba juu, kahawa chini yake, na mfereji wa maji ukipita pembeni. Kila mmoja wao alijua jambo moja la kupika mbege, ile pombe ya ndizi, akalijua kuliko mtu yeyote kijijini.

Aikande alijua ndizi. Huyu alikuwa binti wa kumzaa wa Mzee Ndekirwa, mwenye kihamba. Aliolewa mbali, ndoa ikamshinda, akarudi kwao na sanduku moja na midomo iliyofungwa. Ndizi zikivundikwa darini, yeye alinusa tu kutoka mlangoni akasema zimefika au bado. Akizichemsha zilitoka nyekundu, nzito, tamu mpaka nyuki wa jirani walihamia kwao. Gome la msesewe hakulitaka hata kulisikia. Alisema dunia imeshamlisha machungu ya kumtosha, hawezi kuyatia na kwenye pombe.

Shose alijua uchungu. Huyu alikuwa mjane wa kijana wa pekee wa Mzee, na watoto hakujaliwa. Yeye aliujua msesewe: ni mti upi wa kubanduliwa gome, likaushwe juani au kivulini, lichemshwe mpaka maji yawe na rangi gani. Maana mbege bila msesewe ni juisi, na juisi haipatanishi watu. Mkono wa Shose ulikuwa mwepesi kwa gome, lakini kwa ndizi ulikuwa mzito, alizipika zikaungua.

Foibe alijua ulezi. Huyu ndiye mke wa Mzee, aliyeletwa baada ya mke mkubwa kufariki, na kwa umri alikuwa mdogo kuliko binti wa mumewe. Aliuotesha ulezi, akaukausha, akausaga, akaupika uji unaoitwa mso. Huo mso ndio unaoyafanya maji ya ndizi yawe pombe. Wa Foibe ulivimba na kutoa povu mpaka watu wakasema una roho. Ila alikuwa hajui kipimo cha kitu kingine chochote, kila alichopika kiligeuka kuwa uji.

Mwenye kuyajua yote matatu alikuwa marehemu mama yake Aikande. Yeye alimfundisha binti ndizi, akamfundisha mkwe gome, na ulezi akafa nao; wa Foibe ulitoka kwao. Nadhani alitaka wahitajiane. Hilo ndilo kosa la watu wema, hudhani watu wakihitajiana watapendana.

Sasa Mzee Ndekirwa akaugua. Ugonjwa wenyewe sitautaja, mimi si daktari. Alikonda, akakauka, na jambo lililomsumbua kuliko maumivu ni kwamba kinywa chake kilikufa. Nyama haikuwa na ladha, chumvi haikuwa na ladha, chai aliinywa kama maji ya mfereji. Kila asubuhi alisema, "Nikipata mbege ile ya mama yenu, hata tone, nitakwenda kwa amani." Kisha analia, na mwanaume mzima akilia kwa sababu ya pombe, watu hawajui wacheke au wamshike mkono.

Lazima niwaeleze desturi ya kijiji kile, la sivyo mtaamua vibaya. Mwenye kihamba akikaribia kuondoka, huletewa mbege mbele ya ukoo. Huionja. Ikimpendeza husema neno moja, "Imeiva." Baada ya hapo hupiga funda la pili, hulishika mdomoni, na kumtemea kifuani yule aliyeipika. Hiyo ndiyo baraka. Aliyetemewa ndiye atakayekaa pale, awe mwanamume au mwanamke, na hakuna wa kumwondoa. Funda la baraka ni moja tu. Likishaingia mdomoni mzee haruhusiwi kusema tena mpaka alitoe, na akilimeza, baraka imekwenda naye kaburini. Tena, anayepika pombe ya baraka haionji. Wala mwingine haionji. Ulimi wa kwanza uwe wa mzee.

Na kama mzee akifa bila kutema? Kihamba kinakwenda kwa ndugu yake.

Ndugu yake aliitwa Melkizedeki. Alikuwa mtu wa mjini, mwenye viatu visivyopenda matope. Alikwishakuja mara kadhaa, akapima kihamba kwa hatua zake, akasema mbele ya wale wanawake bila kupunguza sauti, "Migomba hii yote ng'oa. Hapa panakaa maparachichi ya kuuza." Shose akamuuliza, "Na sisi, baba mdogo?" Akamjibu, "Ninyi ni watu wazima. Kila mtu ana kwao."

Uongo. Si kila mtu ana kwao. Aikande kwao ni hapo, na kaburi la mama yake liko hapo, nyuma ya nyumba. Shose mumewe amezikwa hapo hapo, na kwa wazazi wake kaka zake walishagawana mpaka kibaraza. Foibe aliolewa bila pombe ya ndoa kunywewa, kwa hiyo ukoo ulimhesabu kama mgeni aliyekawia, na huko alikotoka aliaga kwa matusi. Wote watatu hawakuwa na pa kulaza ubavu ila pale. Hilo mliweke kichwani mpaka mwisho, kwa sababu ndilo jambo lenyewe.

Mtasema, si wangepika pamoja? Eeh. Nami nilisema hivyo hivyo nilipohadithiwa. Foibe alijaribu. Siku moja wakiwa wanamenya ndizi alisema, "Jamani, mmoja wetu akibarikiwa, si tukae wote?"

Aikande hakuinua uso. "Mama mdogo, nikibarikiwa mimi, wewe na wifi mtatafuta pa kwenda. Sitaki maneno."

Shose akacheka. "Afadhali umesema. Na mimi nikibarikiwa, sanduku lako unalijua lilipo."

Tangu siku hiyo Foibe naye aliacha kusema "sisi."

Ndipo kila mmoja akapika yake. Aikande akatangulia. Mzee akaonja, akageuza kichwa akaitema majivuni. "Huu ni uji wa mtoto aliyeachishwa ziwa," akasema. Shose akafuata. Mzee akaonja, akakunja uso wote. "Hii ni dawa ya malaria. Nani amekwambia nina malaria?" Foibe naye akaleta. Mzee alitafuna, naam, alitafuna pombe, halafu akamtazama mkewe kwa huruma. "Mke wangu, nimekuomba kinywaji umenipa ugali."

Alizidi kudhoofika. Darini palibaki ndizi za kutosha chungu kimoja tu. Ukoo ukaitwa uje Jumapili, baada ya ibada. Mzee akawaita wale watatu kitandani, akasema kwa shida, "Mnanimaliza. Pikeni moja, ya mwisho. Apike Aikande, yeye ni damu yangu. Wengine msiguse."

Sikieni sasa walivyogusa.

Aikande alipika peke yake. Alizimenya ndizi zote kwa mkono wake, akaokota kuni kavu mwenyewe, akakesha na moto usizidi wala kupungua. Alimpenda baba yake, hilo simnyimi. Alikuwa akikoroga huku machozi yanadondoka, wala hayakuwa ya moshi. Alizisubiri zilale kwenye pipa mpaka zichachuke, akachuja, akapika mso kidogo wa kubabaisha, kwa sababu ulezi hakuujua, akachanganya. Gome hakutia. Alilijua pengo hilo. Baba yake alikwishaitema ya kwanza kwa sababu hiyo hiyo, na bado hakutia. Kwenda kumwomba Shose gome kulimshinda. Alisema moyoni, ni heri baba anywe tamu yangu kuliko chungu ya mtu.

Shose naye alizivizia ndizi zikiwa bado pipani zinachachuka. Aikande alipokwenda mferejini kuosha vibuyu, Shose akaingia jikoni na maji ya msesewe, meusi, ya kuchemsha mara mbili, akamwaga yote pipani. Hakumwaga kwa kupima. Alimwaga kama mtu anayemwagia adui maji ya moto. Alitaka Mzee akiionja aiteme mbele ya ukoo mzima, na Aikande aaibike, ili yeye apate nafasi ya kusema, "Niacheni nijaribu tena." Mwenyewe alijua mzee hana siku za kungoja ajaribu tena. Hasira haifanyi hesabu.

Foibe hakuwa na hasira, alikuwa na hofu. Alfajiri ya Jumapili, wengine wakijiandaa kwenda kanisani, aliingia jikoni kuchukua majivu, akapita karibu na pipa, na harufu ikamsimamisha. Alichovya kidole akaonja. Ndiyo, alionja, ulimi wa kwanza ukawa wake. Ilikuwa chungu ya kumpindua ng'ombe. Akajiambia: mgonjwa akinywa hii atakufa hapo hapo, na nani anayemlisha na kumwogesha? Ni mimi. Watasema nimemtilia sumu. Basi akachukua ulezi wake wote aliouhifadhi, akapika mso mzito wenye povu, ukapoa, akaukorogea pipani kuuzima ule uchungu. Kisha akafuta ukingo wa pipa kwa upande wa kanga, akaenda kuimba zaburi.

Mmemwona mmoja aliyetaka kupika mbege nzuri kama ya marehemu? Labda Aikande. Lakini hata yeye alitaka iwe nzuri bila wenzake, na bila wenzake isingekuwa.

Jumapili mchana ukoo ukajaa uani. Wazee wakakaa mbele, akina mama upande wa jiko, Melkizedeki kwenye kiti cha plastiki alichokifuta kwanza kwa kitambaa. Mzee Ndekirwa alitolewa amebebwa, akaegemezwa kwenye mito. Alikuwa mwepesi, waliombeba walitazamana.

Aikande akapiga magoti na kata. "Baba, karibu."

Mzee akaipeleka mdomoni kwa mikono miwili. Akaonja.

Akafumba macho. Watu wakadhani imemkera, Melkizedeki akajiweka sawa kitini. Shose alikuwa anangoja kule kutema. Foibe alikuwa anangoja kifo. Mzee akaonja tena kidogo, kwa ncha ya ulimi, na uso wake ukaanza kurudi. Sijui niseme vipi. Kilichokuwa kimekufa kinywani kikaamka, na mtu akaonekana ndani ya ile mifupa.

"Ndeambwa wangu," akasema. Lilikuwa jina alilomwita marehemu mkewe wakiwa peke yao, wala hakuna pale aliyewahi kulisikia. "Ni yeye. Ndivyo ilivyokuwa. Tamu inatangulia, halafu uchungu unaikamata kooni, halafu ulezi unaipokea." Machozi yakamshuka mpaka kwenye kidevu. Akageukia ukoo, akasema kwa sauti iliyosikika hadi mferejini, "Imeiva!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Melkizedeki hakupiga kitu.

Mzee akamshika Aikande mkono. "Mwanangu, ile ya kwanza hukuitia huo uchungu. Nilidhani umemsahau mama yako. Leo umeukumbuka?"

Hapo, ndugu zangu. Aikande hakutia uchungu wowote, na alijua. Alisikia baba yake anasifu gome ambalo yeye aliliacha makusudi. Angeweza kusema, "Baba, sijui limetoka wapi." Maneno machache tu. Akainamisha kichwa.

"Ndiyo, Baba," akasema. "Ni mikono yangu."

Akalegeza kanga akaacha kifua cha juu wazi, kama desturi inavyotaka. Mzee akainua kata, akapiga funda la pili, mashavu yakajaa. Tangu hapo hakuweza kusema.

"Muongo!" Shose alikuwa amesimama katikati ya akina mama. "Muongo wewe, mbele ya ukoo! Gome nimetia mimi!"

Vigelegele vikakatika. Mzee mmoja wa ukoo akamwinulia fimbo. "Wewe mkwe, kaa chini. Uliambiwa usiguse."

"Nimegusa. Anasifu uchungu, na uchungu ni wangu. Mwulizeni wifi, aseme mti wenyewe aliubandua wapi."

Aikande akaitazama kata mkononi mwa baba yake.

Melkizedeki akainama mbele, ametabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Haya, tuseme ulitia wewe. Ulitia kwa ajili gani? Ulitaka kumsaidia mwenzako?"

Shose akatazama watu. Angeweza kudanganya na yeye. Nafikiri alichoka. "Nilitia ili baba aiteme," akasema. "Nilitaka kuiharibu."

"Yesu wangu!" akina mama wakashika vichwa.

"Nilitaka kuiharibu, na nimeitengeneza! Kabla ya mkono wangu ilikuwa uji wa mtoto, alisema mwenyewe. Mniambie, mtu huvikwa taji kwa nia au kwa kazi?"

Msemo upo, nia njema ni tabibu, nia mbaya huharibu. Siku ile nia mbaya ilikuwa tabibu, na waliopenda kuutumia msemo huo walitazama chini.

Foibe hakutaka kusema. Alikuwa amekaa nyuma ya mumewe akimshikilia mgongo, kama alivyomshikilia kila siku. Lakini alipoona kihamba kinagombewa na wawili, na yeye hatajwi hata kama kivuli, alisema taratibu, bila kusimama.

"Hilo gome lake lingemuua. Nilitia mso wangu wote alfajiri. Ulezi anaousifu ni wa kwangu."

"Wewe ulijuaje kama ni chungu?" akauliza Melkizedeki.

Foibe akajua amekwisha. "Niliionja, shemeji."

Uani palichafuka. Wengine walisema pombe imenajisika, wengine walisema asingeionja mzee angekuwa maiti. Melkizedeki akasimama kwenye viatu vyake. "Wazee, mmesikia. Mmoja mwongo, mmoja mchawi, mmoja mwizi wa onjo. Pombe hii haina mpishi. Kaka, iteme chini. Mambo yaishe."

"Baba hatatema chini!" Aikande alilia. "Nimesema uongo, nakubali, mmenisikia. Lakini ndizi ni zangu! Bila ndizi, hao wangetia gome na ulezi kwenye nini, kwenye maji? Nimezikeshea kwa mapenzi, wao wamezijia kwa wizi. Mama yangu amelala pale!"

"Na mume wangu amelala wapi?" akasema Shose. "Wewe umenidharau miaka yote hii ukaacha gome kwa kiburi. Kiburi chako kilikuwa kinamnyima baba yako furaha ya mwisho. Mimi nimempa. Nimempa kwa chuki, lakini amepata. Na nimesema kweli wakati wewe unaongopa ukiwa umepiga magoti."

Foibe akasema, "Ninyi mlikuwa mnapigania shamba. Mimi ndiye niliyefikiri kwamba kuna mtu atainywa."

"Ulijifikiria wewe!" wote wawili wakamjibu kwa pamoja. Hilo ndilo neno pekee walilowahi kukubaliana tangu msiba wa mama.

Foibe akamfuta mumewe kidevu. "Ndiyo," akasema. "Nilijifikiria. Lakini yeye yu hai."

Yu hai, ila kwa shida. Mzee Ndekirwa amekaa pale kwenye mito, mashavu yamejaa, anahema kwa pua, na pua inapiga filimbi. Amesikia yote. Amesikia kwamba binti yake amemdanganya, kwamba mkwe wake alitaka kumwaibisha, kwamba mkewe aliogopa lawama kuliko alivyoogopa kifo chake. Na ndani ya kinywa chake, wakati huo huo, ipo ile ladha aliyoililia, tamu, chungu, na ulezi ukiipokea, na imetoka kwa hao hao watatu. Kuimeza anatamani. Mtu gani asingetamani? Akiimeza, Melkizedeki ataleta miche ya maparachichi kabla arobaini haijafika.

Aikande amepiga magoti mbele yake, kifua wazi. Shose amekuja akapiga magoti kushoto, amelegeza kanga. Foibe amemwachia mgongo, amezunguka, amepiga magoti kulia. Hawatazamani. Wote watatu wanamtazama yeye, na kila mmoja ameapa mbele ya ukoo kwamba akitemewa yeye, wale wawili hawatalala humo usiku wa leo.

Mzee anageuza kichwa taratibu, kutoka uso hadi uso.

Mimi naishia hapo. Msinitazame hivyo, niliwaambia mwanzo. Nimeipeleka hadithi hii mahali pengi na nimesikia mengi. Bibi mmoja aliniambia apewe mwenye ndizi, kwa kuwa nyumba hujengwa kwa msingi, na mwongo anaweza kutubu. Fundi mmoja wa matofali akapinga. Alisema kazi ni kazi, na yeye hajawahi kuulizwa kama anampenda mtu anayemjengea. Mama mmoja aliyeuguza mumewe miaka mingi alilia tu, nikajua yuko upande wa Foibe. Na palikuwa na kijana mjanja aliyesema mzee azungushe kichwa anapotema, liwapate wote. Nikamwambia, funda moja la mgonjwa halifiki vifua vitatu, kijana, litaishia kwenye ndevu zake. Na hata lingefika, ungewaweka chini ya paa moja watu wale?

Mwingine alisema ameze. Huyo nilimheshimu, lakini sikulala vizuri.

Basi ni zamu yenu. Aliyeifanya kwa mapenzi na kuifunika kwa uongo, aliyeiharibu kwa chuki ikapona, au aliyeiokoa kwa woga? Je, wewe ungemtemea nani? Jibu wewe uliye karibu na mlango, halafu mwenzako akupinge. Lakini msikawie. Mzee ameanza kukohoa.